Mkaja wa Mama Ruilin

"Vuta tumbo ndani," alisema Mama Ruilin. "Vuta. Vuta tena, usiachie."

Suyin akavuta. Alikuwa amelala chali juu ya kang, kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, na mama mkwe wake amepiga magoti ubavuni pake, ncha ya mkaja ameing'ata kwa meno, mikono yote miwili inazungusha kitambaa. Kila mzunguko aliukaza kwa goti. Mtoto, msichana mchanga waliyemwita Niuniu, alilala pembeni ndani ya blanketi lake, midomo inachezacheza.

Kijijini Nangou hakuna aliyejua kufunga mkaja kama Mama Ruilin. Hospitali za siku hizi zinauza mikaja ya mpira yenye kunata, wasichana wananunua, na yeye huwacheka. Wake ulikuwa wa pamba, mrefu wa kutandazwa ua mzima, ulifumwa na mama mkwe wake mwenyewe, na ndio huo uliomfunga yeye alipomzaa Ruilin. Hadi leo, na ubibi wote huo, tumbo lake lilikuwa bapa kama ubao wa kukatia tambi. Nusu ya wazazi wa kijiji kile walipita mikononi mwake na hakuna hata mmoja aliyelalamika, au kama walilalamika hakuwasikiliza.

"Mama," Suyin alisema, "pumzi hazishuki. Zinafika hapa zinagota." Aliweka kidole chini kidogo ya koo.

"Kila mzazi husema hivyo. Bibi yenu aliponifunga mimi nilidhani nakwenda kaburini. Nilikwenda?"

"Hukwenda, Mama."

"Basi. Unataka ukitoka mwezi huu tumbo linaning'inia mpaka magotini, Ruilin atafute mwingine?"

Suyin akacheka, na kicheko kikakatika katikati.

Mama Ruilin alimpenda msichana huyu, na hilo lisemwe waziwazi, kwa sababu mambo yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani vingine. Suyin alitoka mbali kusini, milimani Guizhou. Ruilin alimkuta kiwandani akamleta nyumbani, na kijiji kizima kilisema watu wa kusini hawakai, atazaa atakimbia. Mama Ruilin aliapa moyoni kwamba mkaza mwana wake atatunzwa mpaka watu waone haya. Kwa hiyo mwezi wa uzazi, ambao mzazi hatoki ndani, aliufanya kama alivyofanyiwa yeye, bila kupunguza kitu. Madirisha aliyaziba kwa karatasi na gundi kila upenyo, upepo usiingie. Suyin hakuoga, hakuosha nywele, hakugusa maji ya baridi, hakuvua soksi wala kitambaa cha kichwa. Alikula uji wa mtama na sukari guru, mayai ya kuchemsha, supu ya miguu ya nguruwe. Mama Ruilin aliichukua simu ya Suyin akaitia katika pipa tupu la unga, maana mwanga wa simu humla macho mzazi, na akishazeeka atakuwa mtu wa kupapasa kuta.

Simu ililia ndani ya pipa asubuhi ile ile aliyomfunga. Alikuwa mama yake Suyin.

"Anakula vizuri, analala vizuri," Mama Ruilin alimwambia kwa sauti ya juu, maana yule mwenzake wa kusini alikuwa na lafudhi ngumu na kila mmoja alimfanya mwingine kiziwi. "Wewe usiwe na wasiwasi, dada. Huyu ni wangu sasa."

"Nipe nisikie sauti yake tu."

"Amelala."

Hakuwa amelala. Alikuwa chumba cha pili, anaisikia simu yake.

*

Siku zilizofuata Suyin akaanza kutapika. Alikunywa uji nusu bakuli, akaurudisha. Alikula yai, likarudi. Akilala chali anahema, akilala ubavu anahema, ikawa hulala ameketi, mgongo ukutani, mtoto amempakata. Mama Ruilin alidhani anadeka kidogo. Kisha alipokuwa akimsugua mgongo, akasikia kitu. Akainama, akaweka sikio chini ya bega la kushoto.

Tumbo lilikuwa linanguruma. Lilinguruma juu kule, karibu na bega, mahali ambapo binadamu hana tumbo.

Alitoka nje hadi langoni, ambako Mama Baoshan, jirani yake, alikuwa anapita na kikapu cha vitunguu. Kitambaa chekundu kilining'inia juu ya lango kuonyesha kwamba ndani kuna mzazi, na mtu wa nje akiona kitambaa kile haingii. Anayetoka mazikoni au hospitalini ndiye hasa hatakiwi hata kukaribia, maana akikanyaga kizingiti maziwa ya mzazi humfuata yeye. Mama Baoshan akasimama barabarani.

"Mzazi hajambo?"

"Ananguruma mgongoni."

"Mgongoni?"

"Nimeweka sikio langu mwenyewe. Hapa, nyuma ya bega."

"Upepo huo," Mama Baoshan alisema bila hata kufikiri. "Umemwingia. Dirisha gani halikuzibwa?"

"Yote nimeyaziba."

"Basi aliingia nao kutoka hospitali, wale manesi hufungua madirisha kama wanaanika samaki. Kaza mkaja, upepo utafute njia. Na mkaza mwana wangu Linlin naye karibu kujifungua, usije ukasema umechoka. Mkono wako naungojea."

Mama Ruilin akarudi ndani. Suyin alimwona anachukua ncha ya mkaja, macho yakamtoka.

"Mama, leo uniache. Nakuomba."

"Ni upepo, mwanangu. Ukitoka utapumua."

"Nilegezee kidogo tu. Kidogo, Mama."

"Nikikulegezea leo, utanilaumu miaka ishirini ijayo mgongo ukikuuma. Vuta tumbo ndani."

Suyin hakubishana. Alikuwa msichana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyokaribia kumwua. Alivuta tumbo ndani, akafunga macho, na mama mkwe wake akaweka goti.

*

Ruilin alifika kesho yake adhuhuri. Alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe, huonekana nyumbani siku moja moja, akiwa na masizi mpaka ndani ya masikio. Kwa desturi hakutakiwa kuingia chumba cha mzazi, lakini alisikia mhemo ule tangu uani, akaingia na viatu vyake.

"Mama, huyu ana nini?"

"Upepo. Toka, unaleta baridi."

"Tazama midomo yake! Nampeleka hospitali."

"Sasa hivi?" Mama Ruilin alisimama mlangoni. "Husikii huo upepo wa kaskazini? Unataka kumtoa mzazi nje na upepo kama huo? Utamwua njiani. Ngoja utulie."

"Mama, anashindwa kupumua."

"Na mimi nakwambia ngoja utulie! Wewe umezaa wangapi?"

Ruilin alikuwa na miaka thelathini na moja, anaendesha tani arobaini za makaa kwenye barabara za milimani, na mbele ya mama yake alikuwa bado mtoto wa kuosha mikono kabla ya kula. Alitazama mke wake. Suyin alimtazama yeye, kisha akamtazama mama mkwe, kisha akatazama blanketi. Ruilin akatoka akaketi kizingitini, akawasha sigara, akaizima, akawasha nyingine. Upepo ulivuma adhuhuri yote na alasiri yote, ukipigapiga kile kitambaa chekundu langoni.

Jua lilipokaribia kuzama ukatulia. Lakini wakati huo Suyin alikuwa ametapika kitu cheusi kama maji ya chai iliyolala, na midomo yake ilikuwa na rangi ya bilinganya. Mama Ruilin aliiona rangi ile. Hakusema tena neno juu ya upepo. Alimviringishia Suyin mablanketi mawili ya pamba, akampa Ruilin mtoto, akageuka, akamvuta mkaza mwana wake mgongoni na kumbeba mwenyewe mpaka kwenye lori, mwanamke wa karibu miaka sitini, anatweta, anasema njia nzima, "Usilale, mwanangu. Usilale. Mama yupo."

Ndani ya lori, Ruilin akiwa amekaza macho barabarani, Mama Ruilin aliingiza mkono chini ya mablanketi akautafuta mwisho wa mkaja. Akaufungua mzunguko baada ya mzunguko. Ulipotoka wa mwisho, Suyin alivuta pumzi moja ndefu yenye mlio, ya kwanza kwa siku nyingi. Mama Ruilin aliukunja mkaja harakaharaka akausokomeza chini kabisa ya mfuko wa nepi. Hakuna aliyemwambia auvue. Wala yeye hakujiuliza kwa nini anauficha.

*

Hospitali ya wilaya walimpiga picha, wakaitazama, wakaitana, wakaitazama tena, kisha wakaita gari la wagonjwa limpeleke mkoani. Huko nesi kijana alipombadilisha nguo aliona alama kiunoni na mbavuni, mistari myekundu imejipanga.

"Hizi alama ni za nini?"

"Suruali," Mama Ruilin alisema. "Ina mpira mkali."

Nesi akamtazama, akaendelea na kazi yake.

Daktari mpasuaji aliitwa Geng, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuchoka. Aliwaita mama na mwana kwenye korido iliyonuka tambi za pakiti, akainua ile picha kwenye taa.

"Hapa ni kifua. Hiki cheupe kilichopaswa kuwa pafu la kushoto, kimebanwa huku juu, kimekuwa kama ngumi. Na hiki chote kilichojaa hapa ni tumbo lake, ule mfuko wa chakula, na sehemu ya utumbo mpana."

"Tumbo liko kifuani?" Ruilin aliuliza.

"Katikati ya kifua na tumbo kuna ukuta wa nyama, tunauita kiwambo. Wake una tundu kwa nyuma. Alizaliwa nalo. Ni ngiri ya nadra sana kwa mtu mzima, mimi mwenyewe kabla yake nimeona mmoja. Miaka yote tumbo lilikaa mahali pake, sasa limepanda na kujisokota. Damu haifiki vizuri."

"Kwa nini lipande sasa?"

"Kuzaa. Alisukuma mtoto, akasukuma na vingine. Lakini kwa kawaida mtu angeanza kuumwa siku ile ile. Huyu mnasema alianza polepole, kila siku akazidi." Daktari akageuka kwa Mama Ruilin. "Alifungwa mkaja? Kitu chochote cha kukaza tumbo? Ukilibana chini litakwenda juu, hapana pengine pa kwenda."

Ruilin akamtazama mama yake. Alizaliwa katika kijiji kile, hakuhitaji kuelezwa.

"Hapana," alisema Mama Ruilin.

Ruilin akateremsha macho sakafuni. Daktari hakuuliza tena. Alieleza kwamba angependa kufanya upasuaji wa matundu madogo: manne tu tumboni, moja la kamera na mengine ya vifaa, avute kila kitu chini, ashone tundu. Kumpasua kifua au tumbo zima mtu aliyezaa juzi na hali ile ni kumwongezea mzigo. Lakini ikiwa matundu hayatoshi, atapasua, na hilo walijue.

"Vifaa vya matundu bima yenu ya kijijini hailipi vyote," aliongeza. "Mtafute nyongeza."

"Kiasi gani?" Ruilin aliuliza, na papo hapo akaona haya kwa kuuliza.

"Matundu," Mama Ruilin alisema. "Fanya matundu, Daktari. Usimpasue mwanangu."

Ruilin akatia sahihi. Mikono yake iliacha masizi juu ya karatasi, akajaribu kuyafuta kwa mkono wa koti, yakaenea. Karani akamwambia kaka, acha, unazidi kuharibu.

Walingoja kwenye ngazi, maana viti vyote vilikuwa na watu waliolala. Niuniu alilia njaa. Mama Ruilin alimbembeleza, akampa kidole anyonye, akalia zaidi, mpaka nesi akapita akasema kwa ukali kwamba hapa si sokoni, bibi. Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa akimngojea baba yake, alimwonea huruma akamchukua mtoto akamnyonyesha pale pale kwenye ngazi, mgongo kawapa watu.

"Mama yake yuko wapi?" aliuliza.

"Ndani. Anashonwa."

"Na bado yuko katika mwezi! Maskini. Akitoka mfungeni vizuri, la sivyo tumbo halitarudi."

Mama Ruilin alikubali kwa kichwa. Mfuko wa nepi alikuwa ameukalia.

Daktari Geng alitoka barakoa ikiwa kidevuni. Matundu yalitosha, alisema. Utumbo ulikuwa mzima, wameushusha. Tundu lilikuwa pana kiasi cha kupita mayai mawili, wamelishona kwa nyuzi zisizooza. Pafu limeanza kufunguka. Ruilin alianza kulia kwa sauti, akajiziba mdomo kwa kofia.

"Lakini sehemu ya tumbo ilikuwa imeshakufa," daktari aliendelea. "Ilikuwa nyeusi. Tumeikata, kama theluthi. Atakuwa mtu wa kula kidogo kidogo kwa muda mrefu. Maziwa sidhani kama yatarudi." Akawatazama wote wawili. "Kwa mlivyoeleza, lilijisokota jana mchana. Mngemleta adhuhuri..."

Aliiacha hapo, akapandisha barakoa, akaenda zake. Mama Ruilin angependa mwanawe amtukane, angependa hata ampige, lakini kijana alishuka ngazi moja akaketi mbali naye.

*

Mama yake Suyin alifika baada ya treni mbili na basi, mwanamke mdogo, mkavu, mwenye kikapu cha machungwa mgongoni. Aliingia wodini, akamtazama mwanawe mwenye mpira puani, nywele zimegandamana, soksi mbili mbili miguuni. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akamvua soksi, akaomba maji ya moto kwa nesi, akamwosha uso, shingo, miguu. Kisha akaenda akafungua dirisha.

Mama Ruilin akainuka nusu. Akaketi tena.

Mama Ruilin alikuwa ameleta supu ya kuku katika chupa ya joto. Aliamka alfajiri kuipika kwa mwenye nyumba ya wageni, akaomba jiko kama ombaomba. Nesi alisema mgonjwa hatakiwi supu bado, ni maji tu, tena kijiko. Chupa ikakaa juu ya kabati. Mama yake Suyin hakuigusa wala hakuitazama.

Mchana, mama yake Suyin alipotoka kumbadilisha mtoto, walibaki wawili. Suyin alikuwa ameelekea dirishani.

"Inakuuma?" Mama Ruilin aliuliza.

"Vitundu haviumi sana. Ndani ndiko kunauma."

"Pumzi?"

"Zinashuka."

Nje mtu alikuwa anapiga honi.

"Daktari aliniuliza na mimi," Suyin alisema. "Kama nilifungwa. Nikamwambia sikufungwa."

Mama Ruilin alihisi uso unamwaka. "Kwa nini umemwambia hivyo?"

"Nilimsikia nesi akisema wewe umekana. Nikisema nilifungwa, watakuja wakuulize mbele ya watu, na mbele ya Ruilin." Alipumzika kidogo. Maneno mengi yalimchosha. "Na ulinibeba mgongoni, Mama. Nakumbuka."

"Suyin, mwanangu..."

"Lakini siku za mwezi zilizobaki nitakaa kwetu. Daktari akiniruhusu, nakwenda na mama na mtoto. Usimkataze Ruilin kutupeleka."

Alisema kwa adabu ile ile, hakupandisha sauti, na ndiyo sababu Mama Ruilin hakupata pa kushika.

"Simu yangu iko wapi?"

"Kwenye pipa la unga."

"Naiomba," alisema Suyin.

*

Waliondoka Nangou siku ya jua lisilo na joto. Suyin alikuja kuchukua nguo za mtoto tu, hakuketi. Majirani walisimama barabarani, wengine na mabakuli yao ya tambi mkononi, wakitafuna na kutazama. Mzazi kuondoka nyumbani kwa mumewe kabla ya mwezi kwisha, kitambaa chekundu kingali langoni! Mmoja akasema si tulisema, watu wa kusini. Ruilin alifunga mlango wa gari la kukodi bila kumwangalia yeyote. Suyin, kabla ya kupanda, alimgeukia mama mkwe wake akainamisha kichwa kidogo.

"Ubaki salama, Mama."

Mama Ruilin alitaka kumwambia kitu, akamwambia avae kofia.

Gari halijapotea vizuri, Mama Baoshan akaingia uani. Sasa hapakuwa na mzazi ndani, hakuna kilichomzuia.

"Pole, Mama Ruilin. Usijali maneno ya watu. Sikiliza, Linlin wangu amejifungua jana. Mvulana! Njoo umfunge."

Mama Ruilin alikuwa ameketi kwenye benchi, mfuko wa nepi miguuni. Mtoto hayupo na mfuko umebaki.

"Sifungi tena."

"Una huzuni. Njoo jioni."

"Sifungi, Mama Baoshan. Mkaja wangu ulimsukuma tumbo likapanda kifuani. Wamemkata theluthi ya tumbo kwa sababu yangu."

Majirani wawili watatu waliokuwa bado langoni waligeuka kumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza anayatamka, na aliyatamka kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Daktari ndiye alisema hivyo?" Mama Baoshan aliuliza.

"Aliniuliza nikamdanganya."

"Basi hakusema." Mama Baoshan alicheka kwa kutuliza, kama anavyochekewa mgonjwa. "Ruilin alituambia yule alizaliwa na tundu. Ni ya kwao hiyo. Mimi ulinifunga, nimekufa? Dada yangu ulimfunga, amekufa? Watu wa kusini hawana mifupa. Linlin ni mtoto wa hapa hapa, amekulia katika ugumu."

"Alisema pumzi hazishuki, nikamwambia kila mzazi husema hivyo."

"Na kweli kila mzazi husema hivyo!"

Macho ya Mama Baoshan yalikuwa yameshauona mkaja, unachungulia mdomoni mwa mfuko. Akainama akauvuta.

"Kama mkono wako umechoka, nitafunga mwenyewe. Mwezi ukiisha nitakurudishia."

Mama Ruilin akaidaka ncha ya pili. Wakavutana. Mkaja ukafunguka urefu wake wote pale uani, ukaburura vumbi, kuku wakatawanyika, na watu wa langoni wakacheka, maana wanawake wawili wa umri ule wanavutana kitambaa kama watoto wanaogombea kamba. Mama Baoshan alikuwa mdogo kwake na mwenye kifua. Alivuta mara moja kwa nguvu, na Mama Ruilin akaanguka kwa magoti. Ncha ikamtoka mkononi.

"Umechanganyikiwa, Mama Ruilin," alisema, anaukung'uta na kuukunja, sasa kwa hasira. "Nenda kalale."

Wakaondoka wote. Mama Ruilin akabaki amepiga magoti, kama apigavyo magoti siku zote akifunga wazazi. Alijiona mjinga, akaona aibu, na chini ya aibu ile akaogopa, akaogopa kweli kweli. Huenda Linlin hana tundu lolote. Wengi hawana. Na yeye atamjuaje aliye nalo na asiye nalo? Suyin naye alikuwa akicheka siku ya kwanza.

Jioni ilipoingia aliinuka akaenda.

Juu ya lango la Mama Baoshan kilining'inia kitambaa kipya chekundu. Alisimama mbele yake. Alikuwa ametoka hospitalini, tena hospitali ya mkoa, mtu mbaya kuliko wote wa kukanyaga kizingiti kile, na yeye mwenyewe miaka mingi alikuwa amewafukuza watu malangoni kwa sababu hiyo hiyo. Hakukanyaga. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapita katikati ya mabua ya mahindi yaliyokaushwa, mpaka kwenye dirisha la chumba cha mzazi. Lilikuwa limezibwa kwa karatasi na gundi kila upenyo, kazi nzuri, kama ya kwake.

Akagonga kwa kidole.

"Linlin. Mimi Mama Ruilin. Usifungue dirisha."

Ndani mtoto akakohoa.

"Amekufunga?"

"Ndiyo, Shangazi." Sauti ilikuwa ndogo.

"Vuta pumzi nikusikie."

"Mama mkwe atakasirika."

"Vuta tu, mwanangu. Naomba."

Akabandika sikio kwenye karatasi. Mbele ya nyumba Mama Baoshan alikuwa ameshaambiwa, viatu vyake vinakuja vinaburuta, sauti yake inauliza nani huko, nani huyo anayemwondolea mtoto maziwa. Mama Ruilin hakuondoa sikio. Alisikia msichana anavuta, kifupi, anasita, anavuta tena.

"Zinafika hapa, Shangazi," Linlin alisema.

"Hapa wapi?"

Dirisha lilikuwa limezibwa vizuri, hapakuwa na upenyo hata wa jicho.

"Hapa wapi, mwanangu? Hapa wapi?"